Stima ikizimwa kwa mpango, polisi wajue mapema
Nani humwambia nani, na wewe mwananchi ufanye nini

Kila wiki kampuni ya Kenya Power hutoa orodha ya maeneo yatakayokosa umeme kwa ajili ya matengenezo. Orodha hiyo hutaja siku, saa na majina ya mitaa. Hapa Mombasa wengi wetu tumezoea kuitafuta. Mama wa nyumbani anataka kujua lini apige pasi nguo za shule. Mwenye hoteli anataka kujua iwapo dizeli ya jenereta itatosha. Muuza samaki anataka kujua anunue barafu kiasi gani.

Lakini yupo mtu mmoja ambaye mara nyingi humsahau, naye ni askari polisi atakayekuwa zamu jioni ya siku hiyo. Yeye ndiye atakayepita katika mtaa wenye giza, atakayeelekeza magari taa za trafiki zikizima, na atakayepokea simu mtu akivamiwa. Akijua mapema, atajipanga. Asipojua, atafika baada ya tukio.

Makala haya yanaeleza namna taarifa ya kuzimwa kwa stima inavyopaswa kuwafikia polisi, kazi ya kila mhusika kisheria, na hatua chache ambazo kamati ya mtaa, soko, shule au duka inaweza kuchukua bila gharama yoyote.

Kuzimwa kwa mpango na kupotea kwa ghafla

Stima hupotea kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza ni kupotea kwa ghafla. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani kwa wakati mmoja, na hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi uliathirika. Tukio la aina hiyo halina tangazo. Kila mtu, polisi wakiwemo, hujikuta ndani yake bila kutarajia.

Ya pili ni kuzimwa kwa mpango. Hapa mafundi wanataka kubadilisha nguzo iliyooza, kukata matawi yanayogusa nyaya, kuongeza transfoma, kuunganisha wateja wapya au kuhamisha laini ili barabara ipanuliwe. Mara nyingi kazi hizo hazifanywi nyaya zikiwa na moto, kwa hivyo laini huzimwa kwa saa kadhaa. Kenya Power hutangaza kwa kufuata Kanuni ya 27 ya Kanuni za Nguvu za Umeme, na tangazo hilo huchapishwa magazetini na kwenye mitandao ya kampuni. Mara nyingi saa zinazotajwa ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Kwa kuwa giza la aina hii hujulikana siku kadhaa kabla, hakuna sababu ya polisi kulisikia kwa mara ya kwanza wakati simu ya dharura inapolia.

Kwa nini polisi wanahitaji kujua

Wengi hudhani kwamba stima ikizimwa mchana hakuna hatari. Mchana kuna mwanga wa jua, maduka yako wazi na watu wanapita. Lakini mambo kadhaa hubadilika mara tu laini inapozimwa.

Kamera za usalama zisizo na betri hukoma kurekodi. Ving'ora vya wizi vyenye betri huendelea kwa muda, kisha vingine hunyamaza na vingine hulia ovyo betri inapoisha. Polisi au walinzi wa kampuni wakiitwa mara tatu kwa king'ora kilicholia bure, mara ya nne wanaweza kuchelewa, na huenda hiyo ndiyo yenye mwizi wa kweli. Malango ya umeme hubaki wazi au hufungwa na mnyororo tu. Nyaya za umeme zilizo juu ya kuta za maboma hugeuka kuwa waya za kawaida.

Barabarani, makutano yenye taa za trafiki hubaki bila mwelekezaji. Magari, tuktuk, bodaboda na mikokoteni hukutana katikati, kila mmoja akitaka kupita kwanza. Askari wa trafiki akipangiwa makutano hayo tangu asubuhi, msongamano hauanzi. Akiitwa baada ya magari kufungana, yeye mwenyewe atapata taabu kufika.

Simu nazo huathirika. Minara ya mawasiliano ina betri au jenereta, lakini kukatika kwa muda mrefu kunaweza kudhoofisha mtandao katika baadhi ya sehemu. Simu za wakazi wenyewe huisha chaji. Hapo mtu aliyezoea kupiga 999 anaweza kujikuta hana njia ya kupiga.

Tena kituo cha polisi chenyewe kinaweza kuwa ndani ya eneo linalozimwa. Mkuu wa kituo, tunayemwita OCS, akijua siku mbili kabla, atahakikisha redio za mawasiliano zimechajiwa, jenereta ina mafuta kama ipo, na seli pamoja na chumba cha ripoti vina taa. Asipojua, kituo kinachotakiwa kutulinda kitakuwa kikitafuta mshumaa.

Saa moja inayoamua kila kitu

Ukitaka kukumbuka jambo moja tu katika makala haya, likumbuke hili: saa ya hatari ni ile inayofuata saa ya kurudishwa kwa stima.

Tangazo likisema kazi itamalizika saa kumi na moja jioni, huo ni mpango wa kazi. Fundi anaweza kukuta nguzo ya pili nayo imeoza. Mvua inaweza kunyesha. Lori lenye vifaa linaweza kukwama njiani. Kazi ikichelewa kwa saa moja na nusu, hapa Pwani tayari ni usiku. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro robo, mwaka mzima, na giza hufuata upesi. Hatuna zile jioni ndefu za nchi za mbali na ikweta.

Wakati huohuo ndio watu wanaporudi majumbani. Wafanyakazi wanashuka matatu. Maelfu wanavuka kivuko cha Likoni. Watoto wanatoka madrasa na masomo ya jioni. Wafanyabiashara wa Kongowea na Marikiti wanafunga vibanda wakiwa na mauzo ya siku mfukoni. Taa za barabarani na zile za mulika mwizi zilizo kwenye laini iliyozimwa haziwaki.

Askari aliyesoma tangazo asubuhi anaamini kwamba stima ilirudi saa kumi na moja. Hana sababu ya kuongeza doria. Kwa hivyo taarifa kwa polisi inapaswa kutolewa mara mbili. Ya kwanza hutolewa siku kadhaa kabla, kueleza kwamba stima itazimwa. Ya pili hutolewa siku yenyewe, saa ya mwisho ikifika, kueleza kama stima imerudi au bado. Wengi wakikumbuka taarifa ya kwanza, huisahau ya pili, nayo ndiyo inayookoa watu.

Ni kazi ya nani?

Swali hili huulizwa sana katika mikutano ya wananchi, na jibu linahitaji maelezo kidogo kwa sababu kazi imegawanywa.

Kenya Power ndiyo yenye ratiba. Ndiyo inayojua laini ipi itazimwa, kwa sababu gani na kwa muda gani. Wajibu wa kutangaza ni wake.

Serikali ya kaunti haiamuru polisi. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za polisi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini jedwali hilohilo linaipa kaunti taa za barabarani, trafiki na maegesho, huduma za afya, zimamoto na kukabiliana na majanga, pamoja na usambazaji wa umeme na gesi katika mipango ya maendeleo ya kaunti. Hizo zote huguswa stima ikizimwa. Kifungu cha 189 cha Katiba nacho kinazitaka serikali hizi mbili zishirikiane na kupeana taarifa. Kwa hivyo kaunti haiwezi kukaa kando ikisema kwamba polisi si wake.

Kiungo kati ya pande hizi kipo kisheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kimeunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni gavana au mwanachama wa kamati kuu ya kaunti aliyeteuliwa naye. Ndani yake wamo wakuu wa vyombo vya usalama katika kaunti, wawakilishi wa bunge la kaunti, na wananchi kutoka sekta ya biashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalum, viongozi wa dini na vijana. Baraza hilo hutoa mapendekezo kuhusu vipaumbele vya polisi na husimamia polisi jamii. Malalamiko kwamba mtaa fulani huvamiwa kila stima inapozimwa yana mahali pa kupelekwa.

Chini zaidi kuna machifu, manaibu wao, wazee wa mitaa na vikundi vya Nyumba Kumi. Hao ndio wanaojua kwamba jina moja kwenye tangazo lina maana ya vichochoro vitano, na kwamba kimoja kati ya hivyo ndicho njia ya wasichana wanaotoka shule.

Ukweli mwingine unatuhusu sisi wenyewe. Si kila kuzimwa kwa laini kunatokana na kazi ya Kenya Power. Wakati mwingine ni kaunti au mwanakandarasi wake anayeomba laini izimwe ili kurekebisha taa za barabarani, kukata miti au kuhamisha nguzo. Hapo anayeomba ndiye anayepaswa kupeleka taarifa kituoni. Tangazo lililobandikwa mtandaoni halijamfikia askari wa zamu mpaka mtu aliye na jina na nambari ya simu amwambie.

Jina la mtaa halitoshi

Laini za umeme hazifuati mipaka ya utawala. Laini moja inaweza kupita nusu ya Kisauni, ikavuka hadi sehemu ya Nyali, na kuacha nyumba za katikati zikiwa na taa kwa sababu zinatumia transfoma nyingine. Polisi nao wana mipaka yao: kila kituo na kila kambi ina eneo lake la doria. Tangazo linapotaja majengo machache kisha kumalizia kwa maneno "na wateja wa karibu", askari hawezi kujua kama doria yake imo au haimo.

Hapo ndipo mwananchi anapohitajika. Wewe unajua kutokana na mara zilizopita kwamba laini hiyo ikizimwa, giza huanzia wapi na kuishia wapi. Taarifa nzuri kwa kituo cha polisi ina mambo sita:

1. Siku na saa: stima itazimwa lini na inatarajiwa kurudi saa ngapi.
2. Eneo: kutoka wapi hadi wapi, kwa alama ambazo askari anazijua, kama vile msikiti, kanisa, shule, kituo cha matatu au kisima.
3. Taa za umma: kama taa za barabarani, mulika mwizi au taa za trafiki ziko kwenye laini hiyo.
4. Mahali pa kuangaliwa zaidi: zahanati, hosteli ya wanafunzi, soko, benki, duka la M-Pesa, kichochoro chenye historia ya uporaji.
5. Mipango yenu: idadi ya walinzi, jenereta, taa za sola, watu watakaokesha.
6. Mtu wa kupigiwa simu: jina na nambari ya mtu mmoja atakayekuwepo mpaka stima irudi.

Nenda kituoni ana kwa ana ukiweza, na uombe taarifa iandikwe kwenye kitabu cha matukio, yaani OB, upewe nambari yake. Huduma hiyo hailipiwi. Mfano wa maneno ni huu:

"Habari ya asubuhi, afande. Mimi ni katibu wa kamati ya soko. Alhamisi wiki hii stima itazimwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kulingana na tangazo la Kenya Power. Sehemu itakayoathirika ni kutoka lango la magari hadi msikitini. Taa ya mulika mwizi ya katikati iko kwenye laini hiyo. Tuna walinzi wanne, na jioni tutaongeza wawili. Atakayepigiwa simu ni mimi, na nambari yangu ni hii. Stima ikirudi nitawajulisha. Isiporudi kufikia saa kumi na moja na nusu, nitawapigia pia."

Hayo ni maneno ya dakika moja. Askari akiyapata, zamu ya jioni inaweza kupangwa kwa namna nyingine kabisa.

Je, siku ngapi kabla? Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka wanaoandaa mikutano ya hadhara wamjulishe mkuu wa kituo angalau siku tatu kabla. Sheria hiyo haihusu stima, lakini siku tatu ni kipimo kizuri cha muda ambao kituo huhitaji ili kujipanga. Tangazo likitoka siku moja tu kabla, usikate tamaa. Nenda siku hiyohiyo. Na kama una mkutano au mkesha wa hadhara katika eneo litakalozimwa, litaje jambo hilo unapopeleka taarifa ya mkutano wako.

"Si tutakuwa tunawaambia wezi?"

Hofu hii ina maana, na tunapaswa kuijibu. Ukweli ni kwamba tangazo la Kenya Power ni la umma. Mwizi anayetaka kulisoma analisoma. Ikiwa mwizi anajua na polisi hajui, mwizi ametangulia. Kumjulisha askari ni kuwafanya wawe sawa, kisha kumpa askari yale ambayo mwizi hayajui: walinzi wako wangapi, nani yuko macho, na nani atapigiwa simu.

Tofautisha basi mambo ya wazi na mambo ya siri. Siku, saa na eneo ni mambo ya wazi. Yatangazeni msikitini, kanisani, kwenye baraza la chifu na kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Lakini duka lipi halina mlinzi, lango lipi halifungi, nyumba ipi ina mzee anayeishi peke yake, na kamera zipi hazina betri, hayo si ya kuandikwa kwenye kikundi chenye watu mia mbili. Mweleze afande kituoni, kwa mdomo.

Nyaya, transfoma na mafundi bandia

Kuna aina moja ya uhalifu inayopendelea laini iliyozimwa kuliko kitu kingine chochote, nayo ni wizi wa vifaa vya umeme. Waya wenye moto unaua. Waya uliozimwa unaweza kukatwa kwa msumeno. Mafuta ya transfoma, shaba na vyuma vya minara vina wanunuzi.

Madhara yake tunayajua. Januari 11, 2022, nchi ilikosa umeme baada ya minara kuanguka kwenye laini kubwa ya Kiambere hadi Embakasi. Uharibifu wa vyuma vya minara ulitajwa kuwa chanzo, na siku chache baadaye Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akasimamisha biashara ya vyuma chakavu mpaka utaratibu mpya uwekwe. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo inaweka adhabu kali kwa anayeharibu miundombinu ya umeme: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 10, au vyote viwili.

Kwa hivyo siku ya kuzimwa kwa stima, angalia transfoma ya mtaa wako kama unavyoangalia mlango wa nyumba yako. Ukiona watu wamepanda nguzo, waulize kwa adabu. Mfanyakazi halali ana kitambulisho na hatakasirika kuulizwa. Kwa kupiga *977# unaweza kuhakikisha kama nambari ya mfanyakazi ni ya kweli. Kama hujaridhika, usibishane naye wala usikusanye umati. Sogea kando, piga simu Kenya Power na polisi, na ueleze uliyoyaona: idadi yao, mavazi, gari na nambari yake ya usajili.

Hapa pia polisi waliojulishwa mapema wana faida. Wakijua kwamba mafundi halali wako mtaa fulani hadi saa kumi na moja, watu watakaoonekana juu ya nguzo saa mbili usiku watakuwa na maswali ya kujibu. Vilevile mafundi wa kweli watalindwa. Fundi aliyefika bila mtaa kuarifiwa anaweza kudhaniwa mwizi, na sote tunajua kelele moja ya "mwizi!" inaweza kuzaa nini. Haki ya mtu kusikilizwa haipotei kwa sababu stima imepotea.

Polisi hawarudishi stima

Jambo jingine ni matumizi ya nambari za dharura. Kila stima inapopotea, baadhi yetu hupiga 999 kuuliza itarudi saa ngapi. Askari hana jibu, na wakati mnazungumza, mtu mwingine aliyevamiwa anasubiri laini iwe wazi. Maswali kuhusu stima ni ya Kenya Power, nambari 97771 au *977#. Nambari 999 na 112 ni za hatari: wizi, kuvamiwa, ajali, moto, mtu asiyejulikana ndani ya boma.

Ukiona waya umeanguka, usiuguse wala usiuruke, hata kama unaamini laini imezimwa. Stima inaweza kurudishwa wakati wowote, na jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya inaweza kutia moto kwenye waya huo. Wazuie watoto wasikaribie, kisha piga 97771.

Mpango mfupi wa mtaa

Siku tatu kabla. Soma tangazo mpaka mwisho. Mteue mtu mmoja wa mawasiliano. Peleka taarifa kituoni na kwa chifu. Kama kuna zahanati, iarifu pia, ili chanjo na dawa zinazohitaji baridi zihamishwe au majokofu yawekewe barafu. Wenye wagonjwa wanaotumia mashine za kupumulia nyumbani wapange mapema na hospitali.

Siku yenyewe asubuhi. Chaji simu na tochi kabla ya saa tatu. Jaribu king'ora, na kama betri yake imekufa kizime ili kisilie bure. Fungeni malango ya umeme kwa kufuli. Wenye maduka ya M-Pesa wapunguze fedha taslimu zilizo dukani.

Saa kumi na moja jioni. Mtu wa mawasiliano apige simu kituoni aseme kama stima imerudi. Kama bado, aulize Kenya Power, kisha apeleke jibu hilo kwa polisi na kwa mtaa. Watoto warudi nyumbani kabla ya magharibi. Wanaotoka kazini watembee pamoja, na wasubiriane kituoni badala ya kupita kichochoroni mmoja mmoja.

Baada ya stima kurudi. Wajulishe polisi ili doria ya ziada iende kwingine inakohitajika. Angalieni kama taa zote za barabarani zimewaka. Taa isiyowaka baada ya laini kurudi iripotiwe katika ofisi ya wadi, kwa sababu giza lililobaki pale si la mpango tena.

Neno la mwisho

Hakuna anayefurahia kukaa bila stima, hasa katika joto letu la Machi. Lakini nguzo iliyobadilishwa leo ndiyo itakayozuia waya kumwangukia mtoto kesho. Kuzimwa kwa mpango kutaendelea, na mafundi wataendelea kuchelewa siku nyingine.

Wiki hii, tangazo jipya likitoka, litafute jina la mtaa wako. Ukilikuta, muulize mwenyekiti wenu swali moja: "Nani ameenda kituoni?" Kama jibu ni kwamba hakuna, basi nenda wewe.

Nambari za kuhifadhi kwenye simu
Polisi, dharura: 999 au 112
Kenya Power, simu: 97771
Kenya Power, bila intaneti: *977#
Andika pia hapa nambari ya kituo cha polisi kilicho karibu nawe, ya chifu wako na ya mtu wa mawasiliano wa mtaa, kisha ubandike karatasi hii mlangoni.